Dakika 150: Nani Alizihesabu, na Kwa Ajili ya Nani?



Katika vikundi vyetu vya afya, kuanzia vijiji vya Shinyanga hadi kwenye machimbo ya Geita, kuna ujumbe mmoja unaoleta ubishi kuliko mwingine wowote. Ubishi wa vyandarua ulikwisha zamani. Ubishi wa vyoo umepungua sana. Lakini mhudumu wa afya anaposimama na kusema kwamba kila mtu mzima anatakiwa kufanya shughuli za kutumia mwili kwa dakika 150 kila wiki, mkutano unaangua kicheko. Aliyetoka kupalilia pamba tangu alfajiri anauliza kama dakika hizo ni za kuongeza au za kupunguza. Mchimbaji aliyeshinda ndani ya duara na nyundo na moko anauliza kama aliyeandika hayo amewahi kushika nyundo.

Maswali hayo ni ya haki na yanastahili jibu. Mhudumu wetu asipoweza kujibu, hata ujumbe wa shinikizo la damu na kisukari unaofuata hausikilizwi. Ndiyo maana somo la toleo hili halihusu mazoezi yenyewe. Linahusu namna mwongozo wa mazoezi unavyotengenezwa: nani anakaa mezani, anasoma nini, anapima vipi, na ni mambo gani yanabaki nje ya meza. Mhudumu akiyajua haya ataweza kusema kwa ujasiri ni wapi mwongozo unamhusu mkulima wa Kishapu au mponda mawe wa Nyarugusu, na ni wapi haumhusu.

Mwongozo unasema nini hasa

Mwongozo unaotajwa zaidi ni wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Novemba 2020. Kabla yake kulikuwa na mapendekezo ya mwaka 2010, na mwaka 2019 ulitoka mwongozo wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtu mzima, mwongozo wa 2020 unasema afanye shughuli za wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au shughuli nzito dakika 75 hadi 150, au mchanganyiko wa hizo mbili. Aidha, afanye shughuli za kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Wazee waongeze mazoezi ya kusimama imara ili wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Wote wapunguze kukaa muda mrefu bila kujishughulisha, jambo ambalo Wizara yetu ya Afya huliita tabia bwete.

Shughuli ya wastani ni ile inayokufanya uheme kuliko kawaida lakini bado unaweza kuzungumza. Shughuli nzito ni ile ambayo ukiulizwa jambo unajibu kwa neno moja moja.

Neno la kuangalia kwa makini ni "shughuli". Mwongozo haukusema "michezo" wala "kukimbia barabarani". Kulima, kuchota maji, kwenda gulioni kwa baiskeli, kutwanga na kucheza ngoma vyote vimo. Wanaotambika mwili wakati wa bugobogobo, majembe yakirushwa hewani, wamo ndani ya mwongozo bila kununua viatu vya michezo. Bahati mbaya ni kwamba mwongozo wa kurasa nyingi ukishafika kwetu unakuwa sentensi moja kwenye fulana, na sentensi hiyo kwa kawaida ni "Fanya mazoezi".

Jambo lilianzia ndani ya basi

Ili kuelewa hesabu hizi zilitoka wapi, inafaa turudi London baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo ugonjwa wa moyo ulikuwa unaongezeka Uingereza na madaktari hawakujua kwa nini. Daktari mmoja, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kutwa nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Wote walikuwa na mwajiri mmoja, waliishi mji mmoja, na mishahara yao haikutofautiana sana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioupata, wengi waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Walipotazama watumishi wa posta waliona hali kama hiyo: waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani.

Hapo mtu angeweza kuandika mwongozo mara moja. Lakini Morris na wenzake hawakuridhika. Walijiuliza: je, ni udereva unaoleta ugonjwa, au watu wenye miili ya kuelekea ugonjwa ndio wanaochagua udereva? Walikwenda kutazama vipimo vya suruali za sare walizogawiwa wafanyakazi, na mwaka 1956 wakachapisha walichokiona: madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta hata katika umri mdogo. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwapo kabla ya kazi. Ilibidi watafute ushahidi zaidi, na wengine baada yao wakautafuta kwa miaka mingi. Huko Marekani, Ralph Paffenbarger alifuatilia wapakuaji mizigo wa bandari ya San Francisco, kisha watu waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard.

Nimeieleza habari ya suruali kwa sababu ni somo zuri kwa wawezeshaji wetu. Tukiona wanawake wa kikundi fulani wana afya njema kuliko wa kikundi kingine, tusikimbilie kusema kikundi ndicho kilicholeta afya. Huenda wenye afya ndio walioweza kuja kwenye kikundi.

Kutoka utafiti hadi mwongozo

Zamani miongozo mingi ya afya iliandikwa na mabingwa waliokaa pamoja na kukubaliana kutokana na uzoefu wao. Mwaka 2007 makala iliyochapishwa katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba hata miongozo ya WHO ilikuwa haitumii vya kutosha uchambuzi kamili wa tafiti. Mwaka huohuo WHO iliunda Kamati ya Kupitia Miongozo, na tangu hapo mwongozo hauwezi kutoka bila kupita kwenye utaratibu maalumu.

Utaratibu unaanza na hitaji. Kwa mwongozo wa 2020, hitaji lilitokana na Mpango wa Dunia wa Shughuli za Mwili wa 2018 hadi 2030, uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2018. Kisha linaundwa kundi la wataalamu kutoka nje ya shirika na kutoka mabara mbalimbali. Kila mmoja anatakiwa kutangaza maslahi yake: nani anamlipa, ana hisa wapi, anashauri kampuni gani. Anayeuza vifaa vya mazoezi hawezi kukaa na kuamua kwamba dunia inahitaji vifaa vya mazoezi. (Ningependa kuona kipengele hiki katika kamati za miradi ya vijijini pia, hasa siku ya kuchagua fundi wa kisima.)

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kuandika maswali. Wataalamu hawaulizi tu "je, mazoezi ni mazuri?" Wanauliza kwa vipengele vinne: ni watu gani, wanafanya nini, wanalinganishwa na nani, na tunatazama matokeo gani. Kwa mfano: kwa watu wazima wenye shinikizo la damu, wanaofanya shughuli za mwili, wakilinganishwa na wasiofanya, je, vifo vinapungua? Swali likishaandikwa hivyo, tafiti zote zinazolihusu hutafutwa na kuchambuliwa pamoja, siyo zile zinazompendeza mwandishi peke yake. Kwa mwongozo wa 2020, WHO haikuanza sifuri. Ilichukua pia uchambuzi uliokuwa umefanywa karibuni kwa ajili ya miongozo ya Marekani, Kanada na Australia, ikauongezea tafiti mpya.

Kisha ushahidi unapewa alama kwa utaratibu uitwao GRADE. Alama ni nne: uhakika wa juu, wa wastani, mdogo na mdogo sana. Utafiti uliowagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi mawili huanza na alama ya juu. Utafiti wa kufuatilia tu, kama ule wa mabasi, huanza na alama ya chini. Alama hupunguzwa pale utafiti ulipoendeshwa kwa namna inayoweza kupotosha, au tafiti zinapopingana, au waliochunguzwa si wale tunaowazungumzia, au idadi yao ni ndogo mno, au kuna dalili kwamba matokeo mabaya yalifichwa kabatini. Alama inaweza pia kupanda, kwa mfano pale inapoonekana kwamba kadiri mtu anavyojishughulisha zaidi ndivyo faida inavyoongezeka.

Hatimaye kundi linaamua pendekezo litakuwa la nguvu au la masharti. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Nguvu ya pendekezo si sawa na uhakika wa ushahidi. Wataalamu wanatazama pia madhara, gharama, usawa kati ya matajiri na maskini, na kama jambo lenyewe linatekelezeka. Katika mwongozo wa 2020, pendekezo kwamba watoto wapunguze muda wa kukaa bila kujishughulisha ni la nguvu, lakini ushahidi wake una uhakika mdogo. Pendekezo la dakika kwa watu wazima ni la nguvu na lina uhakika wa wastani. Rasimu ilitolewa hadharani ili watu watoe maoni, ikasahihishwa, ikapita kwenye kamati, ndipo ikachapishwa.

Miongozo hubadilika, na hilo si dalili ya udanganyifu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba shughuli isiyofika dakika 10 mfululizo haihesabiwi. Sharti hilo lilikuwapo katika mapendekezo ya 2010. Marekani waliliondoa mwaka 2018 na WHO mwaka 2020. Sababu mojawapo ni kwamba tafiti za mwanzo zilitegemea kumbukumbu za watu, na mtu hakumbuki kupanda ngazi kwa dakika mbili. Vifaa vidogo vinavyofungwa kiunoni au mkononi vilipoanza kutumika vilionyesha kwamba hata vipande vifupi vina faida. Vilevile ilionekana kwamba faida kubwa zaidi huja pale mtu asiyefanya chochote anapoanza kufanya kidogo.

Tufanye hesabu pamoja

Sasa turudi kwa yule mama aliyecheka.

Katika nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, shughuli za mwili hupimwa kwa dodoso la WHO lenye maswali 16. Msaili anauliza kuhusu kazi, kwenda na kurudi mahali, muda wa mapumziko, na muda wa kukaa. Majibu yanageuzwa kuwa alama. Mtu aliyekaa kimya anatumia kipimo kimoja cha nguvu. Shughuli ya wastani inahesabiwa mara nne, na shughuli nzito mara nane. Zidisha kwa dakika za wiki nzima. Mtu asiyefikisha alama 600 anahesabiwa kuwa hajishughulishi vya kutosha. Kumbuka kwamba 150 mara 4 ni 600, na 75 mara 8 ni 600. Ndiyo dakika zetu zilezile.

Chukua mama anayetembea saa moja kila siku kwenda kisimani na kurudi. Dakika 60 mara siku 7 mara 4 ni 1,680, karibu mara tatu ya kiwango, kabla hajashika jembe. Mwanamume anayelima kwa jembe la mkono saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anapata dakika 1,200 mara 8, yaani 9,600. Hiyo ni mara 16 ya kiwango. Ukiwaambia hawa wawili waongeze mazoezi, wana haki ya kucheka.

Takwimu za dunia zinawaunga mkono. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti za nchi 168, ulionyesha kwamba mwaka 2016 zaidi ya robo ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango. Kwa Tanzania waliokosa kiwango walikuwa kati ya asilimia 6 na 7 tu, na sisi na jirani zetu wa Uganda tulikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wanaojishughulisha zaidi duniani. Hesabu mpya ya dunia, ya mwaka 2022, imepanda hadi karibu asilimia 31.

Dodoso hilo lina udhaifu wake, na kwa Usukumani udhaifu unaonekana wazi. Linauliza kuhusu "wiki ya kawaida". Wiki ya kawaida ya Januari, mvua ikinyesha na magugu yakikimbizana na mpunga, si wiki ya kawaida ya Agosti. Pia swali la mwanzo, kama kazi inakufanya uheme sana, linategemea mtu mwenyewe anavyoona. Mchimbaji aliyezoea anaweza kusema kazi yake ni ya kawaida tu.

Wapo pia majirani zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Meatu, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi ilipohamia Simiyu mwaka 2012. Watafiti waliwafunga Wahadzabe vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na mwaka 2017 wakachapisha kwamba wanafanya shughuli za wastani na nzito kwa takribani dakika 135 kwa siku. Kwa siku, siyo kwa wiki. Dalili za ugonjwa wa moyo kwao zilikuwa chache. Cha kushangaza ni kwamba utafiti wa mwaka 2020 ulikuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, kama watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Kiti kinaweza kuwa na madhara kuliko mapumziko yenyewe. Hili nawaachia wanaopanga semina zetu za siku tatu, ambazo watu hukaa kutwa, kwa soda na maandazi, wakifundishwa ubaya wa tabia bwete.

Basi kwa nini presha ipo?

Hapa ndipo kicheko kinapokoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takribani Mtanzania mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu idadi hiyohiyo walikuwa na uzito uliozidi. Asilimia 9 hivi walikuwa na sukari iliyopanda. Tunajishughulisha, na bado tunaugua.

Sehemu ya jibu ni kwamba shughuli za mwili ni kinga moja tu. Chumvi, pombe, tumbaku, umri na urithi havifutwi na jembe. Sehemu nyingine ni kwamba wastani wa taifa unaficha mengi, hasa mijini. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliofuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya shughuli nzito. Mwaka mmoja baadaye walibaki kama robo tu. Kwa wanawake walishuka kutoka zaidi ya theluthi hadi chini ya moja ya tano. Uzito uliongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani, wanaume kwa wanawake, katika miezi 12.

Sisi wa ukanda wa dhahabu hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam kuliona hili. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi ulifanya kazi kuanzia 2009 hadi ulipofungwa 2021. Kahama na Geita zimekua haraka. Kijana aliyekuwa akipanda baiskeli kilomita 20 kupeleka mkaa sasa ni dereva wa bodaboda, na abiria wake ni mtu ambaye zamani angetembea. Mwenye duka la simu anakaa. Mnunuzi wa dhahabu anakaa na mzani wake. Mwendesha lori kubwa la mgodini anakaa zamu nzima, juu ya gurudumu linalomzidi kimo, katika hali isiyotofautiana sana na dereva wa basi wa London. Na sisi wa ofisi za miradi tunakwenda kuhamasisha jamii tukiwa kwenye gari. Wote hawa ndio mwongozo unaowatafuta, na ndio wasioonekana kwenye mikutano ya vikundi vyetu, kwa sababu mikutano hufanyika vijijini saa za mchana.

Serikali imeliona. Desemba 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Novemba 2019 ukazinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Kwa watumishi wa mijini ni mambo mazuri sana.

Maswali ambayo hayakuulizwa

Tulisema kwamba hatua yenye uzito ni kuandika maswali. Swali ambalo halikuandikwa halina jibu, hata mwongozo uwe mzuri kiasi gani.

Mwongozo wa 2020 ulipiga hatua kwa kuwatazama watu wenye magonjwa ya kudumu. Maswali yaliandikwa kwa ajili ya waliopona au wanaoishi na saratani, wenye shinikizo la damu, wenye kisukari cha aina ya pili, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hiyo ya mwisho inatuhusu sana: anayeishi na virusi na hali yake ni nzuri anahimizwa kujishughulisha, na ushahidi unaonyesha anafaidika. Wanawake wajawazito na watu wenye ulemavu nao wamo. Lakini kifua kikuu hakimo katika orodha hiyo. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mawe, haumo. Kwa hiyo anayesimama Mgusu au Rwamgasa na mwongozo mkononi hawezi kumwambia mchimbaji anayekohoa kwamba "WHO imesema ufanye mazoezi". Haikusema hivyo kwa mtu huyo. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anatakiwa kupelekwa kupima makohozi, na kama anaishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka. Kupungukiwa pumzi kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la karasha kusichukuliwe kuwa ni uvivu wa mwili.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Ushahidi mwingi uliotumika ulitoka nchi tajiri, na ulihusu zaidi shughuli za muda wa mapumziko. Wataalamu wenyewe waliandika kwamba tafiti kutoka nchi maskini ni pungufu. Je, kuponda mawe saa nane kwa siku kunalinda moyo sawasawa na kutembea kwa hiari jioni? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wanaume wenye kazi za nguvu sana walikuwa na hatari ya kufa mapema zaidi kwa takribani asilimia 18 kuliko wenye kazi nyepesi. Sababu bado inabishaniwa. Wapo wanaosema ni kazi isiyo na mapumziko, ya kuinua mizigo na kusimama muda mrefu. Wengine wanasema ni umaskini unaotembea pamoja na kazi hizo, yaani suala la suruali za madereva kwa sura nyingine. Na waliochunguzwa wengi walikuwa wa nchi tajiri, siyo wapasua mawe wa Geita. Mwanamke anayeponda mawe kwa nyundo akiwa amekaa chini, mtoto mgongoni, ana alama nyingi kwenye dodoso. Alama hizo hazituelezi chochote kuhusu mgongo wake wala mapafu yake.

Hali kadhalika kwa maji. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama na Shinyanga kwa bomba mwaka 2009, maelfu ya wanawake walipunguziwa mwendo. Kwa hesabu ya dodoso walipoteza alama. Nimewahi kusikia mtu msomi akisema kwa nusu utani kwamba bomba limewaletea akina mama kitambi. Mimi sikubaliani na utani huo. Mzigo wa ndoo kichwani tangu utoto haukuwa mpango wa afya, na hakuna mwongozo uliopendekeza kuurudisha. Saa moja iliyookolewa ni ya mama mwenyewe, aitumie atakavyo, na akitaka kucheza ngoma acheze.

Tunapoandaa mpango wa mwaka ujao

Vikundi vinatakiwa kuleta mapendekezo ya ujumbe wa afya kwa mwaka ujao, na fedha za kuchapisha ni za ujumbe mchache. Maoni yangu kama mratibu ni haya. Kwa wakulima na wachungaji wa mifugo vijijini, ujumbe wa dakika 150 usipewe nafasi ya kwanza. Fedha hizo zikapime presha na zizungumzie chumvi na pombe. Kwa wachimbaji wadogo na wapondaji mawe, ujumbe wa kwanza uwe vumbi, kumwagia maji wakati wa kuponda, na kupima kifua kikuu. Kwa madereva, wafanyabiashara, watumishi, wastaafu na wazee waliokwisha kuacha kulima, hapo dakika 150 zina nafasi yake kamili, na zisemwe kwa lugha ya kutembea kwenda sokoni na kushuka bodaboda mapema.

Tumieni utaratibu uleule wa vipengele vinne mnapokaa kujadili. Maswali haya yasaidie:

Katika kijiji au mtaa wenu, ni akina nani hasa wanaokaa kutwa, na je, walikuwapo kwenye mkutano mlipoamua ujumbe wa mwaka uliopita?

Mwenzenu wa kikundi mwenye bidii zaidi anapata alama ngapi kwa wiki ya Januari, na ngapi kwa wiki ya Agosti? Fanyeni hesabu ubaoni.

Kama mgodi au mwalo uko karibu nanyi, je, mmewahi kuhesabu ni watu wangapi wenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, na zahanati ya karibu inapima makohozi siku zipi?

Ni swali gani la afya ya mwili, la watu wa kwenu, ambalo mngependa wataalamu waliandike mezani mara nyingine watakapokaa? Liandikeni kwa vipengele vinne na mlikabidhi kwa mwezeshaji wa eneo lenu pamoja na taarifa ya robo mwaka.